Pete ya karati 24 na rubi ya baba: yaliyonikuta kwa sonara hapa Dodoma

Nianze na haki yake. Dhahabu aliyonipa ni dhahabu kweli. Nilikwenda kuipima kwa mtu mwingine: karati 24, yaani dhahabu tupu, gramu zimetimia. Sikuibiwa hata chembe. Na bado nina hasira naye.

Marehemu baba alinunua kijiwe cha rubi kule Winza, enzi zile watu wanamiminika Mpwapwa kutafuta bahati. Kidogo tu, kama punje ya mtama, chekundu cha kuiva. Alikitunza ndani ya kiberiti mpaka anafariki. Juzijuzi, baada ya mavuno, nikakipeleka kwa sonara mmoja hapa mjini. Nikamwambia nataka dhahabu iliyo safi kuliko zote, pete ya kuvaa kila siku, maana mimi nafua, nasonga ugali, napalilia. Akanijibu, "Mama, hapa umefika." Basi, hakuongeza neno.

Kumbe karati 24 ni laini. Haina shaba wala fedha ndani yake ya kuitia ugumu. Mimi sikujua, lakini yeye ndiyo kazi yake! Akanitengenezea vikucha vinne vya kushikilia jiwe, vyembamba, vizuri ajabu, nikawa naonyesha kila anayekuja nyumbani.

Haikuchukua muda. Nimefua mashuka, maji ya kwanza nimeshayamwaga chini ya mzabibu, naangalia mkono: vikucha viwili vimelala ubavu, katikati hamna kitu. Nilichekecha udongo ule kwa chekeche ya unga mpaka usiku, watoto wananimulikia tochi. Sikukipata.

Nikamrudia fundi. Hakuinua macho kwenye kazi yake. "Si wewe uliyetaka safi?" Mbele ya wateja. Kijana wake akacheka. Jamani, pole tu ingenitosha, ningeondoka nayo.

Sonara wa pili, mzee wa makamo, aliiminya pete kwa vidole viwili, ikabonyea. Akanieleza taratibu kwamba pete ya jiwe, tena ya mtu wa kazi, yeye huifanya kwa karati 18: robo tatu dhahabu, robo iliyobaki ndiyo nguvu yake. Anayetaka wekundu wa dhahabu ukolee humpa 22, na hapo vikucha huviweka vinene. Maelezo ya dakika mbili. Dakika mbili hizo zingenibakishia kijiwe cha baba.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba hereni na mikufu mumpelekee tu yule sonara wa kwanza, mkono anao na mizani yake haidanganyi. Nimefuta. Nikikumbuka kile kicheko cha kijana wake, hapana. Msiende.

Pete nimeirudisha kwenye kiberiti kilekile. Vile vikucha viwili sijavinyoosha.