Baiskeli ya mtumba ya inchi 26 kwa safari za vumbi: miezi mitano Mwanza, Magu na Ukerewe

Wakuu, kwanza nianze na uzito wa baiskeli maana ndo kila mtu ananiuliza. Nilipeleka baiskeli tatu Mwaloni Kirumba asubuhi kabla watu wa dagaa hawajachanganya, nikamwomba jamaa mwenye mizani ya kuning'iniza anipimie. Haibridi yangu ya zamani ya aluminiamu, yani ile baiskeli iliyo katikati ya ya mbio na ya milimani, kilo 12 kasoro kidogo. Hii mauntenibaiki (baiskeli ya milimani) ya chuma niliyonunua mwaka huu, 13 na nusu. Phoenix ya jirani yangu, zile baiskeli nzito za kizamani, na keria yake na stendi yake, 22 na ushee. Sasa ukiangalia hapo unaweza sema haibridi ndo mshindi, na mimi niliamini hivyo miaka miwili nikaitumia kwenye safari zangu zote, ila nimeiuza na sijutii hata kidogo, ngoja nieleze kwa nini.

Kwa anayetaka kuzunguka huku kwetu na mabegi, yani unatoka Mwanza unapita Kisesa unaenda Magu, au unavuka Ukerewe unalala siku mbili tatu, wepesi unaohitaji ni wa kuweza kuibeba begani ngazi za meli na kuisukuma kwenye tope bila kuzimia. Kilo moja na nusu ya zaidi hutaisikia. Utakachokisikia ni siku tairi inachanika na huna pa kupata nyingine.

Mimi ilinikuta nje kidogo ya Magu. Nilikuwa nimechepuka lami nafuata njia ya vumbi kuelekea ziwani, tairi ya nyuma ikapigwa na jiwe ubavuni ikachanika kama urefu wa kidole, tyubu inatokeza nje kama puto. Nikasukuma mpaka kwa mzee mmoja fundi, ana kibanda chini ya mwembe, nikamsalimia mwangaluka mzee, akaniambia tairi zipo, na kweli zipo zimening'inia, imeandikwa 28. Na yangu imeandikwa 28. Nikalipa kabisa. Tukaanza kuivalisha, haikai, inacheza kwenye rimu kama kofia ya mtu mwingine, mzee akaivua akaishika zote mbili akazilinganisha akasema, "Kijana wangu, hii 28 na hiyo 28 hazikuzaliwa tumbo moja."

Na ndo ukweli wenyewe, wengi hatuujui. Tairi ya Phoenix, ile 28 kwa 1½, kipenyo cha pale inapokaa kwenye rimu ni milimita 635. Hizi haibridi na baiskeli za mbio zinazoandikwa 700C, na nyingine wanaziandika 28 pia, ni milimita 622. Na zile zinazoitwa 29 ni hiyohiyo 622. Tofauti ni milimita 13 tu lakini hakuna fundi duniani atakayeilazimisha ikae. Kwa hiyo usisome ile namba kubwa, tafuta namba ndogo ubavuni mwa tairi, ile ya tarakimu tatu baada ya mstari, hiyo ndo haidanganyi. Mzee alinirudishia hela yangu yote bila maneno, nikarudi mjini baiskeli iko juu ya haisi.

Basi nilipoanza kutafuta nyingine swali langu la kwanza halikuwa ina kilo ngapi, lilikuwa tairi yake naipata wapi. Inchi 26 ya mauntenibaiki ni milimita 559, na hiyo karibu kila senta niliyopita nimeikuta, maana baiskeli za gia za mtumba ndo zimejaa na watoto wa shule wanaziendesha. 27.5 ni 584, nzuri sana na za kisasa, ila huku kijijini nimeiulizia sehemu nne nikapata sifuri. Halafu kuna suala la valvu ya upepo. Chukua tyubu yenye valvu kama ya gari. Ile nyembamba ya baiskeli za mbio ukiishiwa upepo unategemea pampu yako mwenyewe, lakini hii ya gari unasimama kwa fundi pikipiki yeyote anakujaza. Hilo jambo dogo limeniokoa mara tatu, miiba ya migunga upande wa Bunda haina utani.

Nikija kwenye gia, hapa ndo nina maneno mengi. Haibridi yangu mbele sproketi ndogo ilikuwa meno 34 na nyuma kubwa 28, ina maana ukizungusha pedeli mara moja unaenda kama mita 2 na nusu hivi. Tupu inapanda vizuri, ila weka mabegi ya kilo 10 halafu panda kilima cha kwenda Bugando, utashuka uisukume. Hii ya sasa mbele ndogo ina meno 22 na nyuma kubwa 32, mzunguko mmoja wa pedeli ni kama mita 1.4. Unaenda polepole kama mtembea kwa miguu lakini unaenda, umekaa, pumzi ipo, goti haliumi. Mtu akikuambia baiskeli ya safari ni kasi, muulize amepanda nini na mzigo gani. Tena kwenye mchanga hiyo gia ndogo ndo inakuruhusu kusukuma pedeli taratibu bila tairi ya nyuma kuchimba.

Fremu ni chuma cha kromoli, yani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni, jina la kampuni limeshafutika, kilichobaki ni kastika kadogo kanachosema hivyo. Nimeipenda kwa sababu mbili. Chuma kikipasuka, mchomeleaji wa geti anaweza kukushikia ufike nyumbani, aluminiamu inataka mtu na mashine maalum. Halafu kwenye zile barabara zenye migongomigongo chuma kinanyumbulika kidogo, mikono haifi ganzi. Foku yake, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, haina springi na hilo niliitafuta makusudi, maana foku za springi za bei nafuu ni nzito, na za mtumba mara nyingi zimeshakwama kwa kutu, unabeba kilo za bure. Mimi nimeweka tairi nene za upana wa inchi 2.1 na nazijaza upepo wa 35 mpaka 40 PSI (kile kipimo cha upepo kwenye pampu), hiyo ndo springi yangu.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii dukani ni nafasi kati ya tairi na foku. Mwezi wa tatu nilipita kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi, mvua imenyesha usiku. Mnaoujua mnaujua. Unaganda kwenye tairi, unakusanya majani, ndani ya mita mia gurudumu limegoma kabisa kuzunguka, nikawa nakwangua kwa kijiti kila baada ya hatua ishirini. Na hii ina nafasi ya vidole viwili, je ile haibridi iliyokuwa na nafasi ya kidole kimoja? Ukiwa unachagua ingiza vidole pale, usione aibu.

Niliinunua 280,000 kwenye duka moja la mtumba hapa mjini, ziko zimepangwa mpaka barabarani, muuzaji mkarimu anakuacha uzungushe. Ila alichoniambia kwamba cheni ni nzima hakikuwa kweli, na ningepima mapema ningepunguziwa bei. Kupima ni rahisi, beba futi ya fundi cherehani. Pingili 24 za cheni, ukianzia katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya mwisho, zinatakiwa ziwe inchi 12 kamili. Ikizidi moja ya nane ya inchi, cheni imeisha na inawezekana imeshakula meno ya nyuma. Yangu ilizidi. Nikabadilisha cheni na gia zote za nyuma za spidi 7, ikanitoka 45,000 nyingine ambayo sikuipangia. Beba na sumaku pia, kama hujui fremu ni chuma au aluminiamu inakwambia hapohapo.

Kasoro zipo. Siti iliyokuja nayo ilinitesa siku ya kwanza tu nikaibadilisha. Breki ni zile za V za kubana rimu, nzuri kwa sababu raba zake na vaya unapata popote, lakini zikilowa zinachelewa kushika, mteremko na mvua lazima uanze kubana mapema. Na kwenye lami haibridi inaiacha mbali, kutoka Magu kurudi Mwanza, kilomita kama 60, na upepo wa ziwa usoni mchana, nilichelewa karibu saa nzima ukilinganisha na zamani. Kama safari zako zote ni lami, au unataka kwenda Sengerema kwa kupita lile daraja jipya la Kigongo–Busisi urudi siku hiyohiyo, usinunue hii, chukua haibridi na tairi nyembamba, utafurahi.

Safari kubwa niliyoifanya nayo ni Ukerewe. Nilipanda meli ya Nansio, pale gatini watu wamebanana na magunia, nikaibeba begani kwa mkono mmoja, mabegi mkono mwingine, hakuna aliyeniambia lipia kibarua. Njia za vumbi za kisiwani, mihogo na michungwa pande zote, na hapo ndo nilijua nimechagua sawa. Kurudi nikaendesha mpaka Rugezi, nikavuka na kivuko kwenda Kisorya, nikashuka Bunda, nikalala, siku mbili baadaye niko Igoma, nimeshaingia Mwanza. Pancha mbili, njiti moja ya gurudumu la nyuma upande wa gia imekatika. Njiti nilitembea na za akiba nne nimezifunga na utepe kwenye fremu, mwenzangu fanya hivyohivyo, na beba kifungulio cha gia za nyuma maana fundi wa kijijini hana, bila hicho njiti ya upande huo haiingii.

Mwezi ujao nataka kubadilisha rimu ya nyuma iwe ya matundu 36 ya njiti, hii ya sasa ina 32. Mwenye nayo ya 26 anitafute, nipo Kirumba.