Laptopu inalia "nyiiii"? Usikimbilie kubadilisha feni

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani. Leo nina laptopu ya mtumba, inchi 14, prosesa ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256. Ni zile za maofisini Ulaya, kampuni ikishabadilisha vifaa zinafungwa kwenye makontena zinaletwa huku. Kariakoo inauzwa laki saba na kidogo. Kwa bei hiyo ni mashine ya maana sana: kibodi ngumu, skrini haina doa, inawaka upesi. Tatizo inalia.

Tulieni kidogo, nasogeza maiki juu ya kibodi, pembe ya kushoto, karibu na kitufe cha Esc. Mmesikia? Nyiiii. Sasa naskroli ukurasa huu mrefu. Sikilizeni inavyobadilika, inakatika-katika, tii-ti-ti-tii. Naacha kuskroli, inarudi ile nyembamba ya mwanzo. Kama hujasikia kitu, vaa earphone. Umevaa na bado husikii? Mwite mtoto wa darasa la tano hapo nyumbani akusikilizie. Sikutanii, sauti za juu ndizo za kwanza kutuaga umri ukisogea, na mlio wa namna hii mara nyingi uko hukohuko juu, kilohezi 8, 10, pengine hata 15 (kilohezi moja ni mitetemo elfu moja kwa sekunde). Ndiyo maana unaweza kumpelekea fundi mtu mzima, akainamisha sikio, akakwambia kwa nia njema kabisa, "Mwanangu, hii nzima, haina kitu."

Muuzaji yeye alikuwa na jibu tayari: "Feni hiyo, bosi. Iache, kesho tunakuwekea nyingine." Hapo ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Feni inabadilishwa, laptopu inarudi nyumbani, usiku mtaa ukitulia, nyiiii iko palepale.

Feni inafuata joto, na joto haliruki. Ukifungulia kazi nzito, feni inachukua muda kupanda. Ukifunga kila kitu, bado inavuma kwanza ndipo ishuke taratibu. Mlio huu wa kwetu unabadilika papo hapo ukigusa tu kipanya. Tena angalieni hapa: nimeiwasha ikiwa ya baridi, nimechana kipande cha tishu nimekining'iniza kwenye tundu la kutolea hewa. Tishu haitikisiki hata kidogo, maana yake feni haizunguki. Na mlio upo. Kesi ya feni imefungwa.

Feni mbovu nayo ina sauti zake. Inakwaruza, inanguruma, inagonga kama kuna kitu kinagusa mapanga, na ukiiinamisha laptopu upande sauti inabadilika. Hiyo safisha vumbi, na ukipuliza kwa hewa ya kompresa shikilia mapanga kwa kijiti yasizunguke, yakizungushwa kwa kasi ile beringi inakufa. Wengine wanapulizia dawa ya kulegezea kutu. Inanyamaza siku chache, halafu inarudi na deni. Tone moja la mafuta mepesi ya mashine ni bora, lakini feni iliyokwisha ni ya kubadilisha tu. Na ikiwa pedi ya kipanya imeinuka au bati la chini limetuna, hiyo ni betri imevimba, huenda ndiyo inayosukuma vitu ndani. Zima, usichaji tena, iondolewe.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Kinacholia ni koili, yaani waya uliozungushwa kwenye bodi, na wakati mwingine kapasita ndogo za kauri zilizo jirani yake, vile vipande vinavyotunza umeme kidogo. Chaja inaleta volti 19 au 20, prosesa inataka volti moja hivi, na inaitaka kwa ampea nyingi. Kwa hiyo kwenye bodi kuna swichi za kielektroniki zinazokata na kuunganisha umeme, mara laki kadhaa kwa sekunde, na koili ndiyo inayousawazisha umeme huo kabla haujaingia kwenye prosesa. Sikio la binadamu linaishia mitetemo elfu 20 kwa sekunde, kwa hiyo laki kadhaa huwezi kuisikia. Tungetegemea kimya.

Ila kuna kubana matumizi. Prosesa ikikosa kazi inasinzia, inaamka, inasinzia tena, mara nyingi sana kwa sekunde moja, ili betri idumu. Umeme unaoingia nao unapanda na kushuka kwa mwendo huohuo, na mwendo huo sasa unaangukia ndani ya mipaka ya sikio. Waya wa koili unavutwa na kuachiwa na sumaku, zile kapasita za kauri nazo zinatanuka na kusinyaa kidogo mno volti ikibadilika, na kwa kuwa zimelehemiwa kwenye bodi, bodi nzima inageuka spika. Ndiyo maana mashine nyingine inalia ikiwa haina kazi, ukiipa kazi inanyamaza, na watu wanashangaa.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 2006, MacBook Pro za kwanza, laptopu za Apple zenye prosesa ya Core Duo, zililalamikiwa sana kwa mlio huu, na wenyewe wakagundua kwamba ukifungua Photo Booth, ile programu ya kamera, mlio unakata. Kamera haikutibu chochote, ila iliizuia prosesa isisinzie. Watu wa Linux, mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows, nao miaka hiyo walijua kwamba ukiweka saa ya mfumo iamshe prosesa mara 1,000 kwa sekunde, laptopu inaweza kukuimbia noti ya kilohezi 1 moja kwa moja.

Sasa ukiwa na laptopu yako inayolia, cha kwanza kabisa chomoa chaja. Mlio ukikata, shida iko kwenye umeme unaoingia, nitairudia. Ukibaki, punguza mwanga wa skrini mpaka chini, kisha pandisha mpaka juu. Ikiwa mlio unafuata mwanga, ni taa za nyuma ya skrini. Laptopu za zamani zenye taa za mirija zilikuwa maarufu kwa hilo, na dawa ya bure ni kuacha mwanga juu. Halafu zima sauti kabisa. Kama mlio ulikuwa unatoka kwenye spika, utapotea, na hapo huna haja ya kufungua skrubu hata moja.

Kupata mahali penyewe, kunja karatasi iwe kamrija, upande mmoja kwenye sikio, mwingine utembeze juu ya kibodi. Kwenye simu ya Android kuna programu inaitwa Spectroid, ya bure, inachora sauti. Hii hapa ya kwangu: ule mwinuko mwembamba uliosimama peke yake ndiyo nyiiii yetu. Inasaidia sana ukikutana na muuzaji anayesema hasikii kitu, mwonyeshe.

Kwa laptopu hii, dawa iliyofanya kazi iko kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka. Nimeingia, nikatafuta sehemu ya utendaji, nikazima C-States, yaani nimeikataza prosesa isilale usingizi mzito. Nawasha... sogea na maiki... kimya. Naskroli, kimya. Gharama yake mnaiona hapa pembeni: laptopu inabaki ya vuguvugu hata ikiwa haina kazi, na betri inaisha mapema zaidi. Mwenye kukaa na chaja kutwa nzima hatajali. Mwanafunzi anayehama kutoka ukumbi hadi ukumbi akitafuta soketi, asifanye hivi, bora avumilie mlio.

Ikiwa ya kwako inalia wakati wa kazi nzito, dawa ni tofauti. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna kiwango cha juu cha prosesa, kwa kawaida ni asilimia 100. Ukiweka 99, kwenye laptopu nyingi unazima ule mruko wa kasi ya ziada, na koili inapumua. Baadhi ya laptopu mpya zimeuficha mpangilio huu, usipouona usijilaumu. Wacheza gemu, angalieni menyu ya mwanzo. Picha imesimama tu pale, lakini kadi ya grafiki inaichora mara mamia kwa sekunde bila sababu, na ndipo koili inapiga kelele kuliko wakati wote. Weka kikomo cha fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde, umemaliza.

Haya, umeme, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hivi ndivyo tunavyoishi. Kama mlio au mvumo unakuja ukichomeka chaja tu, ninyi mnaotumia sola na inveta, anzieni kwenye inveta. Zile za bei rahisi hazitoi wimbi laini kama la TANESCO, zinatoa wimbi la ngazi-ngazi, na chaja nyingi zinavuma zikilishwa umeme huo, zingine zinapata moto. Ipeleke laptopu kwa jirani mwenye umeme wa gridi, chomeka chaja ileile. Ikitulia, chaja yako haina kosa.

Kuna na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Chaja nyingi za laptopu hizi zinakuja na waya wa pini tatu, watu wanautupa wananunua wa pini mbili au wanachomeka kwenye adapta isiyo na ethi. Sasa kama laptopu ina bati, pitisha mgongo wa kidole taratibu juu yake ikiwa inachaji. Unahisi inatekenya-tekenya? Ni umeme mdogo mno unaopenya kwenye kapasita za kuchuja kelele ndani ya chaja, na ethi ndiyo njia yake ya kuondokea. Ikikosekana, umeme huo unazungukia kwenye bati, kwenye waya wa earphone, kwenye maiki. Na nyumba zetu nyingi soketi ina matundu matatu lakini nyuma yake waya wa ethi haujaungwa popote. Hilo mwite fundi umeme, usijaribu mwenyewe.

Kwa wale wa kwaya na wa kumbi, laptopu ikiunganishwa kwenye mikisa inavuma na kutoa ule mlio wa nyiiii kupitia spika kubwa, ukichomoa chaja panatulia. Hapo laptopu na mikisa vyote vina ethi, zimekuwa njia mbili, na kelele inazunguka kati yake kupitia waya wa sauti. Dawa ni kiboksi chenye transfoma ndani kinachokaa katikati ya waya wa sauti, au ucheze laptopu kwa betri muda wa ibada. Nimeona watu wanakata pini ya ethi ili kelele iishe. Inaisha kweli. Siku chaja ikipata hitilafu, bati la laptopu au la mikisa ndilo litakalokuwa na moto, na anayeshika maiki ndiye atakayejua. Usikate.

Chaja yenyewe ikilia kidogo ikiwa haijaunganishwa na laptopu, ni kawaida, haina mzigo inafanya kazi kwa vipindi. Ikilia na kunuka, au ikitoa cheche za "cha-cha-cha" ndani, iweke chini, hiyo imekwisha.

Mtaniuliza kuhusu gundi, kwa sababu kuna video zinaonyesha mtu anamwagia koili gundi ya epoksi ili isitetemeke. Wakati mwingine inasaidia. Lakini kama kinacholia ni kapasita, umepaka bure, na gundi ya moto ile ya bunduki inalainika hapo ndani kwenye joto. Kwa laptopu ya laki saba isiyo na dosari nyingine, mimi sifungui bodi kwa ajili ya mlio. Koili inayolia haiko njiani kufa, inaweza kulia miaka yote na isikuletee tatizo lolote.

Je, ununue laptopu kama hii? Kwa ofisi, duka, chuo, nunua, ila utumie mlio kupunguza bei. Kama unarekodi sauti, kaswida, podikasti, habari, achana nayo, maiki nzuri itaunasa mlio, na kuutoa kwenye rekodi ni kazi. Na pale dukani Kariakoo, kelele za nje zile hutasikia kitu, omba uingie stoo. Washa, chomoa chaja, fungua ukurasa mrefu, skroli, weka kamrija kako sikioni. Akikwambia ni feni, usilipie feni. Mwambie akutolee nyingine.

Na kuna sababu sijataja modeli. Koili mbili za aina moja hazilii sawa. Inatosha moja ikae vibaya kidogo kwenye bodi. Yule muuzaji nilimwomba ya pili, modeli ileile, rafu ileile. Akanipa, nikaisikiliza stoo, kimya kabisa, raha. Nikapima betri, imebaki chini ya nusu ya uwezo wake wa kiwandani. Nimechukua hii inayolia, kwa elfu hamsini pungufu. Jinsi ya kupima betri kabla hujalipa nitaiweka video ya wiki ijayo.