Saa ya mezani kwa mzee anayesahau: inafaa, ila uirekebishe kwanza

Mama ana ugonjwa wa kusahau, na swali linalomsumbua kuliko yote ni "Leo siku gani?" Anaogopa Ijumaa isimpite hajatoa sadaka. Ndiyo maana nilinunua saa hii ya kidijitali, Sh 85,000, katika duka moja la vifaa vya umeme hapa Tanga. Kioo chake kinakaribia ukubwa wa tableti, na jina la siku limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya saa na tarehe. Mama anaisoma kutoka kitandani bila miwani.

Kiswahili hakimo. Mama hakusoma Kiingereza, lakini chuoni alisoma Kurani, basi nikaiweka Kiarabu. Ikiandika الخميس (Alhamisi) au الجمعة (Ijumaa) haulizi mtu. Siku nyingine tano nimemwandikia kwenye kikaratasi pembeni.

Tatizo kubwa ni majira. Saa inaonyesha 8:00 asubuhi, na kwa Mama nane ni saa nane mchana. Atauliza chakula wakati chai haijatoka mezani. Zamani angegeuza kichwani. Sasa hawezi, wala si haki kumtaka ageuze. Nimeisogeza mbele saa sita, nikachagua mpangilio usiotaja asubuhi wala jioni, na zile herufi PM nimezibandika plasta. Saa mbili asubuhi inasoma 2:00, kama anavyosema yeye. Tena siku inabadilika saa kumi na mbili jioni: Alhamisi jua likizama, kioo kinaandika Ijumaa, na kwa wazee wetu huo ni usiku wa Ijumaa kweli. Mama mwenyewe anaitisha chetezo na udi. Furaha niliyoipata hapo siwezi kuieleza.

Kengele ya dawa inasikika hadi jikoni, ila nayo uitegeshe kwa majira hayohayo. Inalia tu, haijui kama kidonge cha presha kimemezwa. Lazima mtu awepo. Umeme ukikatika kioo kinazimika, maana betri ya ndani inatunza majira tu.

Watengenezaji, tuwekeeni Kiswahili pamoja na saa zetu. Wazee wetu wanaihitaji saa hii.

Kama mzee wako hutoka nyumbani akapotea njia, hii haitakusaidia. Anza na saa ya mkononi yenye GPS, inayoonyesha mzee yuko wapi, na laini ya simu.