Misa ya Kiswahili pale Mkunazini, hii inawahusu waliochoka

Wengi wanaolisifia kanisa la Anglikana la Mkunazini, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, mtandaoni ni watalii, wanakuja na mtembeza wageni wao, wanashuka kule chini kwenye vyumba wanavyoambiwa walifungiwa watumwa, wanapiga picha ile sanamu yenye minyororo, wanaondoka. Sasa mie nataka kulisemea kama msali, manake misa ya Jumapili sijaona mtu anaiandikia.

Mnielewe kwanza hali yangu. Nafanya laundri kwenye hoteli moja huko shamba, masika yakiingia wageni hamna, tunaambiwa nendeni likizo mtapigiwa simu, na likizo yenyewe haina mshahara. Mwenye nyumba hajui masika wala kiangazi, yeye anataka kodi. Mwaka huu na msiba ukaingia hapohapo, nkawa mtu wa kulala tu. Shoga yangu akanipeleka sehemu moja ya maombi nje ya mji, siitaji jina, spika zile mpaka kifua kinatetemeka, mhubiri anasema ukiona hela haiji ujue imani yako ina tobo, kisha yanapitishwa mafuta ya upako ya kununua. Nimetoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia, yaani shida zote hizi na bado natwishwa kosa juu yake!

Mkunazini mambo mengine kabisa. Kutoka Darajani unatembea kidogo tu umefika. Historia yake wengi mnaijua, hapo palikuwa soko la watumwa, Juni 1873 Sultani Barghash akasaini lifungwe na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, Askofu Steere ndo akalisimamia, na altare, yaani madhabahu, wakaiweka palepale palipokuwa mti wa kuchapia watu viboko. Chini kuna duara la marumaru nyeupe limezungushiwa nyekundu, nyekundu ile ni ishara ya damu. Msalaba wa mbao nao una habari yake, umetokana na mti uliozikiwa moyo wa Livingstone, yule mmisionari aliyepinga utumwa, kule Zambia. Na nguzo fupi za nyuma ziko kichwa chini miguu juu, wanasimulia mafundi walizisimamisha hivo askofu akiwa safarini, aliporudi akaziacha. Mie nazipenda zile nguzo kuliko kitu chochote mle ndani, sijui kwa nini.

Lakini kilichonirudisha Jumapili ya pili sio historia. Ni kwamba pale hakuna anayekulazimisha uchangamke. Huzuni yenyewe imewekwa mbele kabisa, kila mtu anaiona, na watu wanaimba juu yake, tena wanaimba kwa raha kweli, sauti za kina mama zinapanda mpaka kwenye lile dari la mawe zinakurudia. Padri siku hiyo alihubiri habari ya Paulo na Sila, wamechapwa bakora, wamefungwa miguu gerezani, usiku wa manane wanamwimbia Mungu. Nikajua sasa tutaambiwa milango yenu itafunguka wiki hii, hakusema hivo, kasema angalieni waliimba lini, waliimba mlango bado umefungwa na mgongo bado unauma. Nikalia. Mama mmoja pembeni akanisogezea ncha ya leso yake, kaninong'oneza, "Lia mwanangu, hapa wameshalia wakubwa kuliko sisi." Wimbo wa sadaka ukanikuta nimesimama naimba na wenzangu.

Simu ya hoteli haijaja bado, tusidanganyane. Ila naamka asubuhi, nafua nguo za watu majumbani, chakula kinashuka. Jirani yangu ni bibi wa Kiislamu, Ramadhani yote hakuacha kunipitishia bakuli la futari, sasa Jumapili moja kanisikia narudi naimba akaniita, "We mwanangu, umepata kazi nini?" Nkamwambia bado bibi, natoka kanisani tu. Akacheka, kasema basi na wewe umefuturu.

Kasoro: papasi wa nje, wale wanaowaganda wageni wawatembeze, watakufuata ukionekana mgeni wa mji, waambie tu umekuja kusali watakuacha. Na baadhi ya watalii jamani misa inaendelea mtu anainua simu anarekodi watu wamepiga magoti, hili linaniudhi sana. Ubani unafukizwa vizuri mpaka wengine wanakohoa, mwenye pumu akae nyuma karibu na mlango. Mwenye gari aliache mbali, vichochoro vile havipitiki.

Nawapa nyota nne na nusu, ile nusu nimewakata papasi. Kiingilio ni cha wanaokuja kutembea, wewe unayekuja misa vaa nguo ya heshima, wahi mapema upate benchi la mbele, na beba leso yako mwenyewe.