Rime: programu ya kuandikia Kichina, kwa watu wa Malindi na Lamu

Mwongoza watalii wa Malindi anayemjibu mgeni wa Beijing, au mwanafunzi anayeandika juu ya sarafu za 永乐通宝 (za mfalme Yongle wa Uchina) zilizofukuliwa Mambrui na Manda, anahitaji programu ya kugeuza pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini) kuwa herufi za Kichina hata bando likiisha. Kwa kazi hiyo tunapendekeza Rime. Ni ya bure, na kamusi zake hukaa ndani ya kompyuta. Kwenye Windows inaitwa Weasel, kwenye Mac ni Squirrel, na kwenye Debian au Ubuntu amri ni hii:

sudo apt install ibus-rime fonts-noto-cjk

Fonti hiyo usiiache, maana bila fonti ya Kichina utaona visanduku vitupu. Kisha kwenye programu unayoandikia chagua Noto Sans CJK SC. Ile ya JP huchora 直 na 骨 kwa umbo la Kijapani, na Mchina akisoma menyu ya hoteli yako ataling'amua papo hapo.

Mpangilio wa pinyin unaokuja na Rime, luna_pinyin, huanza kwa herufi za jadi, 馬 badala ya 马. Bonyeza F4, ingia kwenye mpangilio, chagua 汉字, yaani herufi zilizorahisishwa. Kuandika kwenyewe ni rahisi: nihao, halafu kitufe cha nafasi, nh peke yake pia hutoa 你好. Sauti ya ü huandikwa v, kwa hiyo 女 ni nv. Mji wa 西安 uandike xi'an, la sivyo xian huweza kukupa 先.

Sasa kwenye kukamilisha maneno, ambako wengi hukwama. Waliozoea kuandika msimbo hutaka kihariri chenyewe (programu ya kuandikia msimbo, kama Vim au VS Code) kiwamalizie. Kwa Kichina hakiwezi, kwa sababu Kichina hakiachi nafasi kati ya maneno. Ctrl-N ya Vim, yaani vitufe vya kukamilisha neno, huhesabu mfululizo wote wa herufi mpaka alama ya kituo kuwa neno moja. Ukiandika 马林 mwanzoni mwa mstari, itakuletea sentensi nzima ya juu, 马林迪在肯尼亚 (Malindi iko Kenya). Ukiandika 我在马林, haileti kitu, kwa kuwa inatafuta neno linaloanza na 我在马林. Kwenye VS Code ni afadhali kuzima: "editor.wordBasedSuggestions": "off". Kazi hii iachie Rime, ambayo hukisia kutoka kwenye pinyin kabla herufi hazijafika kwenye kihariri, na hukumbuka ulichochagua jana.

Majina ya kwetu yaingize mwenyewe. Ndani ya folda ya Rime (kwenye Windows ni %APPDATA%\Rime) tengeneza faili custom_phrase.txt, iliyohifadhiwa kwa UTF-8 isiyo na BOM (alama fiche ya mwanzo wa faili). Kila mstari una neno, Tab, ufupisho, Tab, uzito (kipaumbele chake). Kwa Malindi ni 马林迪, mld, 1, kwa Tab mahali pa mikato. Anayeandika historia aongeze 麻林, jina la Malindi katika maandishi ya enzi ya Ming, kwa mln. Ufupisho huo uandike wote. Nusu yake haileti neno. Ukimaliza, bonyeza 重新部署 (kupakia mipangilio upya) kwenye menyu. Pasipo hatua hiyo hakuna kinachobadilika.

Kosa tunaloliona zaidi ni la Tab. Kwenye custom_phrase.txt Tab ni lazima, na nafasi za kawaida hazifai. Kwenye faili la mipangilio, default.custom.yaml, ni kinyume: usogezaji wa mistari ni kwa nafasi tu, na Tab moja huharibu faili. Humo ndimo unamoongeza machaguo ya herufi yanayoonyeshwa kwa mara moja kutoka 5 hadi 9, kwa kuandika chini ya patch: nafasi mbili kisha "menu/page_size": 9.

Watumiaji wa Vim watasumbuka na Esc: unarudi kwenye amri, lakini j, ambayo ni amri ya kushuka mstari, bado inaingia kwenye pinyin. Squirrel ina dawa, vim_mode: true ndani ya app_options. Pasipo na dawa hiyo zoea kubonyeza Shift kabla ya Esc.

Udhaifu wake mkubwa ni menyu, ambazo nyingi ni za Kichina. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza atapapasa. Anayeandika maneno mawili kwa wiki atosheke na Microsoft Pinyin iliyo ndani ya Windows. Atakayebaki na Rime abonyeze 用户资料同步 (kuhifadhi nakala ya data yake) mara kwa mara, hasa mahali ambapo stima hukatika ghafla. Maneno yote iliyojifunza hutoka kama faili la maandishi, na hilo linahamia kompyuta nyingine kwa flashi tu.