Kolekole Mzuri, Meza ya Mbele kwa Wengine: Tathmini ya Mgahawa Mmoja wa Ufukweni Diani

Chakula cha mgahawa huu hakina lawama, na ni haki kuanza nacho, kwa kuwa mpishi aliyeko jikoni hamwoni anayeketi mezani. Kolekole wa kupaka huchomwa kwanza juu ya makaa mpaka ngozi ikakauka na kushika rangi, kisha humwagiwa tui zito lenye ukwaju na bizari, na huletwa mezani moshi ukiwa bado umo ndani ya nyama. Wali wa nazi haugandi wala hauchirizi mafuta. Pweza, ambaye migahawa mingi ya mwambao humpika akawa kama mpira wa baiskeli, hapa hulainika bila kupoteza utamu wake. Kachumbari ni ya kawaida, na maji ya ukwaju yana sukari kupita kiasi. Bei ni za ufukweni, yaani mtu mmoja hatashiba vizuri kwa chini ya shilingi 2,500, jambo ambalo silinung'unikii kwa kuwa samaki ni mbichi kwelikweli.

Mgahawa uko ndani ya uwanja wa hoteli, kusini mwa Mombasa, lakini uko wazi kwa umma, na bango lililosimamishwa kando ya barabara ya Diani linamkaribisha kila apitaye. Sitautaja jina. Nitakayoyaeleza yanafanyika katika migahawa mingi ya mwambao huu, na isitoshe, jina likitajwa, watakaofukuzwa ni vijana wa zamu na si waliouweka utaratibu.

Nilifika mchana wa Jumapili nikiwa na shangazi yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Ukunda, pamoja na wanawe. Askari wa getini alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia shangazi shikamoo kabla ya neno jingine lolote, naye akaitikia marahaba. Kisha akauliza tunakwenda kumwona nani. Shangazi akamjibu kwamba hatumwoni mtu, tumekuja kula. Akauliza kama tumeweka meza, akaomba kitambulisho changu, akaandika namba ya gari katika daftari, akazunguka na kile kioo chenye mpini mrefu cha kukagulia uvungu wa gari, halafu akaita ndani kwa redio ya mkononi na kutuomba tusubiri. Tukiwa tumesimama hapo ikaja tuktuk iliyobeba Wazungu wawili, mmoja kifua wazi, wote wamevaa kaptula na malapa yenye mchanga. Kizuizi kilipandishwa kabla tuktuk haijapunguza mwendo. Kioo kilibaki kimeegemezwa ukutani.

Sina ugomvi na ukaguzi wenyewe. Baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013 na la Mpeketoni mwaka 2014, hoteli isiyokagua magari ingekuwa ya wazembe. Lakini tuktuk nayo ina uvungu, na dereva wake alikuwa mweusi kama sisi. Kilichompitisha ni abiria aliowapakia nyuma. Shangazi, ambaye alitumia miaka mingi kutunza nidhamu ya watoto wa watu, alimwambia yule askari kwa sauti ya darasani: "Mwanangu, kama ni usalama, ukague wote. Kama si usalama, tuambie ni nini." Kijana akatazama chini. Nilimwonea huruma, kwa sababu lilikuwa swali la haki lililomfikia mtu asiye na mamlaka ya kulijibu.

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la mfuko, si la rangi, na kwamba Mwafrika akija na gari kubwa jeusi lenye vioo vya giza hataulizwa kitu. Hoja hiyo ina ukweli kiasi chake, maana nimewaona wakubwa wakipita. Tofauti ni kwamba mweusi hulazimika kuuonyesha uwezo wake getini, kwa gari, kwa saa ya mkononi au kwa lafudhi ya Kiingereza chake, ilhali mweupe huhesabiwa kuwa nao hata akija bila shati. Maskini wa Ulaya anayesafiri na begi mgongoni na kuhesabu senti zake hupewa dhana ya utajiri; mwalimu mstaafu wa Ukunda mwenye pensheni yake na nyumba yake hupewa dhana ya kuja kumtembelea mpishi. Kama kipimo ni mfuko, basi kinasomewa kwenye ngozi.

Ndani, meza nne za mbele, zile zinazotazama bahari moja kwa moja, zilikuwa tupu, kila moja ikiwa na kibao kidogo cha mbao kilichoandikwa kwamba imewekwa. Tukapelekwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo kila sahani inayotoka hupita ubavuni mwako. Baada ya muda wakaingia wale wawili wa tuktuk. Mhudumu aliwaongoza hadi mbele, akakiinua kibao, akakitia kwapani, akawavutia viti. Hakuuliza jina wala kufungua daftari lolote. Nilimtazama akirudi na kibao chake kwapani, akakiweka juu ya friji ya soda, na ndipo nilipoelewa kwamba meza zile zilikuwa zimewekewa aina ya watu.

Mfuatano wa huduma ulikuwa na mantiki hiyohiyo. Wao waliletewa taulo baridi na madafu ya kukaribishwa kabla ya orodha ya vyakula. Sisi tuliletewa orodha, na mhudumu akasimama juu yetu kalamu mkononi kana kwamba tungebadili mawazo na kuondoka. Nilipoagiza samaki mzima, nilielezwa kwamba samaki mzima hulipiwa kwanza, kwa kuwa wapo wanaoagiza na kisha kukataa bei. Niliukubali utaratibu huo na nikalipa. Meza ya mbele iliagiza samaki mzima na kamba, na hakuna aliyeiendea na mashine ya kadi mpaka walipomaliza kula na kunywa. Madafu tuliyaletewa baadaye, tulipoyaomba, na yakaandikwa katika bili.

Ingekuwa siku moja tu ningesema ni bahati mbaya. Lakini nimewahi kufika mgahawa uleule kwa shughuli za kazi, nikiwa mwenyeji wa wageni wawili kutoka Ujerumani, na mambo yalikuwa tofauti mno. Hakuna aliyeulizwa kitambulisho. Meza ilikuwa ya mbele. Taulo zilikuja, na mimi nikapata yangu. Hata hivyo, mhudumu alimwelekea mgeni wangu na kumwuliza, kwa Kiingereza, kama dereva wake naye angekula. Dereva aliyekusudiwa ni mimi, niliyekuwa nimepiga simu, nimeweka meza na nimeshaanza kuagiza. Nilipoomba bili, kile kijalada cheusi kilipita mbele yangu na kuwekwa mkono wa kulia wa Mjerumani. Akakisukuma kwangu, nikaweka kadi, na mashine ikarudishwa kwake ili atie namba ya siri. Mgeni wangu aliona haya kuliko mimi. Mimi nilishazoea, na mazoea hayo ndiyo yanayonikera zaidi ninapoandika haya.

Nilibaki nyuma kidogo siku hiyo nikazungumza na mmoja wa wahudumu, ambaye alinieleza hesabu yake bila kuficha. Wengi wao ni vibarua wa msimu. Mvua za masika zikianza mwezi wa Aprili wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga hadi Juni au Julai, na kibarua hurudi nyumbani bila kitu. Kwa hiyo katika miezi ya wageni kila mmoja hutafuta meza yenye bakshishi, na imani iliyoenea miongoni mwao ni kwamba Mzungu hutoa, Mwafrika hatoi. Nilimwuliza kama Mwafrika aliyewekwa mlango wa jikoni, akalipishwa kabla ya kula na kuletewa soda ya moto anatazamiwa kutoa bakshishi kwa lipi. Akacheka, akasema, "Hapo umesema kweli, kaka."

Imani hiyo inapuuza kilichoandikwa kwenye bili yenyewe. Bili yetu ya Jumapili ilikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2, na gharama ya huduma ya asilimia 10. Viwango vilevile vilikuwa kwenye bili ya siku ya Wajerumani. Mgahawa umenitoza sehemu ileile ya gharama ya huduma niliyotozwa nilipoketi mbele na taulo baridi mkononi, na kwa huduma iliyo nusu. Kwa lugha ya biashara tu, bila hata kugusa utu wa mtu, hayo ni kuuza kitu kimoja na kukabidhi kingine.

Meneja wa zamu, Mkenya mwenzetu, alikuja mezani siku ya shangazi baada ya kuitwa. Alisikiliza kwa utulivu. Alisema kwamba hakuna ubaguzi, kwamba meza za mbele hutengewa wageni waliolala hotelini, na kwamba wahudumu huwatambua. Nilimwonyesha wale wawili, ambao walikuwa wameingia kwa tuktuk machoni pangu na ambao hawakuwa na kile kikuku cha plastiki wanachovaa wageni wa hoteli. Akasema atafuatilia. Kisha akatuletea sahani ya matunda bila malipo, tukaishukuru na tukaila, kwa kuwa embe halina kosa. Meza hatukubadilishiwa.

Msomaji wa Nairobi atakumbuka mgahawa wa Kichina wa mtaa wa Kilimani ambao, mwezi Machi 2015, gazeti liliripoti kwamba hauwaruhusu Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Hasira ilikuwa kubwa, na serikali ya kaunti ikaufunga. Lakini ulifungwa kwa kukosa leseni zilizotakiwa. Kosa la kuwazuia watu kwa rangi yao lilipita pembeni, na wenye biashara nyingine, nadhani, wakajifunza kwamba linalohatarisha mgahawa ni karatasi zisizokamilika. Tofauti ya pale na Diani ni kwamba wale walilisema sharti lao waziwazi. Hapa hakuna aliyelitamka, na kwa hiyo hakuna wa kulikanusha wala wa kulifuta.

Sheria yenyewe haina utata. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 haiishii kuikataza serikali kubagua. Inamkataza pia mtu binafsi kumbagua mwenzake, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa misingi inayojumuisha rangi na asili. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaitaja rangi ya ngozi kwa jina, na tume iliyoundwa chini yake hupokea malalamiko ya wananchi. Hata ufuo ambao meza za mbele zinautazama si mali ya hoteli: Ibara ya 62 inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mtoto wa Ukunda akitembea chini ya zile meza nne, yuko kwake.

Nchi nyingine hazina la kutufundisha. Mwaka 2006 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha California, aliketi akisoma gazeti katika hoteli ya San Francisco alimokuwa amelala kama mgeni halali, na mfanyakazi akamwambia aondoke kwa kuwa mahali pale ni pa wageni wa hoteli. Hoteli ilikuja kuomba radhi. Huko, angalau, alikuwa ugenini. Sisi tunasimamishwa na kijana wa Msambweni, kwa Kiswahili fasaha na shikamoo juu yake, kwenye geti lililo dakika chache kutoka nyumbani kwa shangazi.

Kuna jambo moja ambalo wenye hoteli za mwambao wamelisahau mapema mno. Ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa kuanzia mwishoni mwa Machi 2020 hadi tarehe 1 Agosti mwaka huo, na wageni wa Ulaya wakawa hawapo, hoteli za pwani zilimgeukia Mkenya. Bei zilishushwa, matangazo yakajaa picha za familia nyeusi kando ya mabwawa ya kuogelea, na vyumba vya mbele, vile vya kutazama bahari, vikapatikana kwa kila aliyepiga simu. Wakati ule sikusikia mtu akisema Mwafrika hatoi bakshishi.

Kwa anayetaka kwenda, ushauri wangu ni huu. Samaki wa kupaka na pweza ni wa kuagizwa bila kusita. Maji ya ukwaju yaombwe bila sukari. Meza iwekwe kwa simu, itajwe waziwazi kuwa ni ya mbele, na jina la aliyepokea simu liandikwe pamoja na saa. Ukiambiwa ulipe kwanza, uliza kama ndio utaratibu wa meza zote, na uulize kwa sauti ambayo meza ya jirani itaisikia. Usipopata jibu, barua iende kwa meneja mkuu, na nakala yake kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo ndiyo inayotoa leseni ya migahawa ya aina hii. Barua yangu niliipeleka mwenyewe mapokezi, ikapigwa mhuri. Kwa chakula ninaupa mgahawa huu nyota nne kati ya tano. Kwa huduma ninaupa nyota moja, ambayo ni ya mpishi wa zamu ya Jumapili, aliyetoka jikoni kumuuliza shangazi kama samaki amemfaa.