Karatasi ya madoa au mrija wa shanga: kupima matone yanayopeperushwa na minara ya kupozea maji

Karatasi iliyotiwa kemikali, ikiwekwa kwa muda mfupi kwenye mdomo wa mnara, huacha doa la buluu kila inapogongwa na tone, na ukubwa wa doa hueleza ukubwa wa tone. Kazi ya kuyahesabu, kusema kweli, huchosha macho. Udhaifu wake ni kwamba matone madogo sana hufuata hewa na kuikwepa karatasi.

Mrija wenye shanga za kioo zilizopashwa moto huvuta hewa kwa kasi ileile ya hewa ya mnara, maji yakakauka, kisha madini yaliyobaki huoshwa na kupimwa maabara. Hunasa hata matone madogo, lakini hutoa jumla tu.

Kwa kuthibitisha kwamba matone yanayotoka hayazidi kiwango cha mkataba ningechagua mrija. Kwa modeli ya kukokotoa chumvi iliyomo kwenye matone itaangukia wapi, kati ya njia hizi mbili ni karatasi tu inayofaa, kwa kuwa tone kubwa huanguka karibu ilhali dogo husafiri mbali au hukauka angani. Kwenye kituo cha umeme cha Chalk Point, Maryland, Marekani, mwaka 1977, maji ya mnara yalitiwa hata rangi ing'aayo ili matone yake yatambulike yakifika ardhini.